M_PI haikupotea

Leo kijana mmoja wa kazini kanitumia picha ya skrini. Programu yake ya lugha ya C ya kukadiria ujazo wa matangi ya maji imegoma, haiijui M_PI, jina la namba pai: `'M_PI' undeclared (first use in this function)`. "Kaka, math.h nimeiweka, mbona haioni?" Jana ilikubali. Kilichobadilika ni kwamba ameongeza `-std=c11` (yaani fuata kiwango cha C cha 2011) kwenye Makefile, faili la maagizo ya kukompaili.

Basi ndiyo hiyo. M_PI haimo kwenye kiwango cha C. Ni nyongeza ya POSIX, kiwango cha mifumo ya jamii ya Unix. Kompaila ya GCC ukiiacha ilivyo hutumia lahaja yake ya gnu, ambayo ina mkono wazi. Ukiidai C11 kavu, nayo inakupa kavu kweli. Nikamwambia afungue /usr/include/math.h atafute mwenyewe. Akaikuta, na tarakimu zake zote, 3.14159265358979323846, ila imekaa chini ya sharti: `#if defined __USE_MISC || defined __USE_XOPEN`.

Dawa ni `#define _XOPEN_SOURCE 700`, inayolitimiza sharti hilo. Akaiweka chini ya stdio.h, ikagoma vilevile. Heda (faili linaloitwa kwa `#include`) ya kwanza kabisa huvuta features.h, na hiyo huamua mara moja tu nini kionekane na nini kifichwe, zinazofuata zinatii. Kwa hiyo mstari huo unakaa juu ya kila `#include`, hata ile unayodhani haihusiki. (Wanaotumia kompaila ya Visual C++ wana yao, `_USE_MATH_DEFINES`.)

Wapo wanaojiandikia `#define M_PI 3.14` na kuendelea na maisha. Inapita, sikatai. Ila kwenye tangi la lita 10,000 hapo umeshapunja lita 5, na mteja hatajua zimekwenda wapi.

Kinachonikera zaidi ni makro (majina yanayobadilishwa kuwa kodi nyingine kabla ya kukompaili) zenye mabano, kama `makedev`, ya kuunda namba ya kifaa. Tangu glibc (maktaba ya msingi ya C kwenye Linux) 2.28 ya mwaka 2018, sys/types.h haiileti tena. Lazima uite sys/sysmacros.h mwenyewe. Ukikompaili programu kongwe kwa GCC ya kabla ya 14, kompaila inadhani ni funksheni, inanung'unika kidogo na kupita, kisha linka, inayounganisha vipande vya programu, ndiyo inakwama: `undefined reference`. Mtu anahangaika kutafuta maktaba ya kuunganisha, kumbe imekosekana heda tu. GCC 14 sasa inakataa palepale kwenye kukompaili. Wengi waliilalamikia, mimi naipenda.