Mikono ya Emmanuelle Riva

Jioni ile ya mwaka 2014 nilifika ukumbi wa maigizo wa Théâtre de l'Atelier, chini ya kilima cha Montmartre jijini Paris, nikitokea kazini moja kwa moja. Tiketi yangu ilikuwa ya juu kabisa, kwa wenye senti chache. Kazi yangu pale ilikuwa kuwahudumia wazee majumbani mwao, na maigizo sikuyazoea. Nilimfuata mtu mmoja tu.

Miaka miwili kabla nilimwona mwigizaji Mfaransa Emmanuelle Riva kwenye filamu ya Amour, akiwa Anne, mwalimu wa piano anayepatwa na kiharusi. Kuna pahala anamimina chai, chai inamwagika pembeni ya kikombe, naye hana habari. Nilishika kiti cha mbele yangu. Mama yangu, fundi cherehani wa Ngamiani, Tanga, alianza hivyohivyo: asubuhi moja anatunga uzi kwenye sindano, uzi unapita nje ya tundu, naye anauvuta kana kwamba umeingia. Tulicheka, tukidhani ni macho. Wiki haikuisha, upande wa kulia ukafa.

Baadaye nikasoma kwamba Riva naye alianza na sindano. Mtoto wa kijijini kule Vosges, mashariki mwa Ufaransa, alikuwa mshonaji kabla ya kwenda Paris, akiwa na miaka 26, kusomea uigizaji. Mwaka 1959 filamu ya Hiroshima mon amour ikamtangaza. Alipowania Oscar kwa Amour alikuwa na miaka 85, na sherehe ikaangukia siku aliyotimiza 86.

Na bado alirudi jukwaani! Mchezo ulikuwa Savannah Bay wa mwandishi Marguerite Duras: mwigizaji mzee ambaye yaliyopita yanamponyoka. Kifaransa kile kilinipita nusu, lakini sauti yake, nyembamba, ilinifikia huko juu neno kwa neno. Mimi nilitazama mikono. Ule wa kulia, niliouona umelala kwenye filamu kama wa mama, sasa ulikuwa unainuka. Nililia, wala sikujificha.

Nilipotoka, kwetu ilikuwa saa sita za usiku. Nikampigia dada, nikajua mama yu macho, maana siku hizo alilala mchana. Nikamwomba amwekee simu sikioni.

"Shikamoo mama."

Nikasubiri. Nilimsikia anavuta pumzi.

"Mara… haba."