Forester yangu ya turbo na ulevi wa petroli

"Bosi, hii ni Subaru ya turbo, ulitegemea nini?" Jibu hilo nimelisikia gereji tatu za Dar es Salaam, kila mahali kwa sauti ya mtu anayetoa pole msibani. Forester SG5 Cross Sports, injini EJ20 ya turbo (feni inayosukumia hewa injini), giaboksi otomatiki ya gia nne, inakwenda kilomita 5.4 kwa lita moja mjini, na mafundi wanataka nikubali kwamba ndivyo ilivyozaliwa. Sikukubali. Haitakunywa kidogo kama Toyota IST hata siku moja, hilo najua, lakini 5.4 ni ugonjwa. Leo inanipa 7.8 kwenye foleni zilezile na 10.9 nikienda Morogoro, na injini haijafunguliwa.

Namba hizo si za mshale wa mafuta. Mshale wa gari hili unashuka polepole nusu ya kwanza, kisha unaporomoka. Mimi najaza hadi pampu ikate yenyewe, naandika odomita, natembea, narudi kituo kilekile na pampu ileile, nagawa. Tangi moja halitoshi, chukua matatu. Na kabla hujagawa, angalia matairi. Yangu yalikuwa 215/65R16 badala ya 215/60R16, kwa sababu aliyeniuzia gari alitaka liwe refu. Tairi hilo ni kubwa kwa asilimia 3 hivi, maana yake odomita inahesabu pungufu: ukitembea kilomita 103 yenyewe inaandika 100. Ugonjwa mdogo ulikuwa kwenye hesabu tu. Mengine yalikuwa kweli.

Sasa, injini hii haijui umemwaga petroli kiasi gani tangini. Inachojua ni taarifa. Sensa ya hewa iliyo kwenye boksi la filta inaiambia kompyuta hewa gramu kadhaa zimeingia, na kompyuta inatoa petroli kulingana na hizo: ukiendesha taratibu, gramu moja ya petroli kwa gramu 14.7 za hewa. Turbo ikisukuma, karibu moja kwa 11, kwa makusudi, ili ile petroli ya ziada ipoze chumba cha moto. Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi ni nani kati ya sensa na mipira anatoa taarifa ya uongo.

Nakiri mimi mwenyewe nilianza kwa kumwadhibu asiye na kosa. Mashine ya kupima ilitoa kodi ya hitilafu P0172, yaani mchanganyiko una petroli nyingi mno. Fundi akasema oksijeni sensa, ile inayonusa moshi wa eksozi, imekufa. Nikanunua moja Kariakoo kwa laki na kitu, kodi ikarudi baada ya siku nne. Tukasema ile ilikuwa feki, nikanunua nyingine ghali zaidi. Ikarudi baada ya siku tano. Mjumbe hauawi, wanasema wahenga. Mimi nilimwua mara mbili na kumlipia mazishi. Oksijeni sensa ilikuwa inasema kweli tupu: petroli ni nyingi. Nani ameileta, si kazi yake kujua.

Kilichonifungua macho ni kebo ya bei chee, ile inayoitwa VAG-COM KKL 409.1, pamoja na programu ya bure ya RomRaider kwenye laptopu. Vile vidude vya Bluetooth vya ELM327 kwenye Subaru nyingi za Japani za umri huu vinahangaika kuunganika. Hii kebo inaongea na kompyuta ya Subaru kwa lugha yake. Tazama vitu vitatu tu mwanzoni: joto la maji, gramu za hewa injini ikiwa sailensi (inanguruma bila kukanyagwa), na marekebisho ya kudumu ya petroli. Kwangu marekebisho yalikuwa hasi 14: kompyuta ilikuwa tayari inapunguza petroli kwa asilimia 14 na bado imezidi. Yakiwa chanya kubwa, tafuta hewa inayoingia kwa wizi baada ya sensa, na mpira wa kuingizia hewa kwenye turbo, ule unaopita chini ya manifoldi, ndio mshukiwa wa kwanza, unapasuka pasipoonekana. Yakiwa hasi kama yangu, tafuta hewa iliyohesabiwa kisha ikapotea.

Joto la maji nalo lilikuwa kituko. Barabara ya Morogoro, mwendo wa 80, jua la saa saba mchana, injini inasoma digrii 68. Themostati, ile vavu inayozuia maji yasiende rejeta mpaka injini ipate moto, haikuwepo. Kuna fundi aliitoa zamani, kwa ile hoja maarufu kwamba nchi yetu ni ya joto. Hoja hiyo inaniudhi mpaka leo. Themostati ya Subaru hii huanza kufunguka karibu digrii 78 popote ilipo, Hokkaido au Mbagala. Ikiwa haipo, maji yanazunguka muda wote, kompyuta inaona injini baridi na kuongeza petroli, mafuta ya injini yanabaki mazito, na giaboksi, ambayo mafuta yake hupita kwenye rejeta, inachelewa kufunga konvata, kiungo chake na injini. Na gari lililotolewa themostati kwa sababu lilikuwa linachemsha bado lina ugonjwa uliolichemsha. Langu lilikuwa na rejeta iliyoziba chini.

Kurudisha si kazi kubwa, ila nunua ya Subaru yenyewe. Zile za bei rahisi zina kiwiliwili kidogo na hazipitishi maji vya kutosha. Inakaa chini, kwenye pampu ya maji, bolti mbili ndogo, kile kipini kinachochezacheza kiangalie juu. Kazi ni kutoa hewa baadaye. Injini ya kulala kama hii inaficha mapovu. Fungua kizibo kidogo cha hewa juu ya rejeta, mimina kulenti (maji ya kupozea) polepole mno, minyaminya mipira, washa na hita ikiwa kwenye moto wa mwisho mpaka itoe joto kweli. Inaingia karibu lita saba. Ukiingiza tano ikasema imejaa, hewa ipo ndani. Joto langu sasa ni 86 hadi 92. Hilo peke yake lilinipeleka 6.3.

Iliyobaki ilikuwa hewa iliyopotea, na hapa ndipo nilipofurahi.

Vijana wanapenda ile sauti ya "pssss" ukiachia mafuta. Gari langu lilikuja nayo: vavu ya turbo ya kiwandani, inayorudisha hewa kwenye mpira wa kuingizia, ilikuwa imetolewa na kuwekwa inayotema nje. Kwenye gari lenye sensa ya hewa, ile pssss ni hewa ambayo petroli yake imeshatolewa. Mbaya zaidi, yangu ilikuwa na springi laini, inapumua hata injini ikiwa sailensi. Nikarudisha ya kiwandani, iliyotumika, na gasketi mpya. Marekebisho yakapanda hadi hasi 8. Bado.

Kupima uvujaji wa mipira ya turbo watu wanakutoza kwa mashine ya moshi. Mimi nilinunua kizibo cha plastiki cha bomba la maji machafu, kinacholingana na mdomo wa mpira uliotoka kwenye sensa ya hewa, karibu sentimita saba. Nikakitoboa kwa drili ya milimita 11.5, nikapaka sabuni na kuvutia humo vavu ya tairi ya tyubulesi, ile TR413 ya kawaida. Shilingi elfu chache, na tester imekamilika. Jaribio la kwanza nilikaza klipu kwa haraka, nikaunganisha mpira wa kompresa ya kijana wa pancha, nikamwambia afungue kidogo. Kidogo ya mtu wa pancha ni kidogo ya lori. Kizibo kiliruka, kikapiga boneti kwa ndani, kikaacha kidoti ambacho mpaka leo kinaonekana kwa nje kama chunusi.

Mara ya pili nikaweka klipu mbili, na tukaenda kwa mageji: psi 10, zaidi ya hapo hapana. Sababu ni kwamba mpira huo una njia za kupumulia injini. Usipoziziba, hewa inashuka kwenye karteri, tumbo la injini, na kusukuma sili. Ziba hizo kwanza, fungua na kifuniko cha mafuta kwa usalama. Kisha chupa ya kupulizia yenye maji na sabuni ya vyombo. Mlio mdogo ndani ya injini usikutishe, kuna vavu zilizo wazi daima. Tafuta povu. Langu lilitoka kwenye ule mpira wenye umbo la herufi Y, kati ya turbo na intakula (kipoza hewa), upande wa chini, ufa wa urefu wa kucha ambao ukiutazama kwa macho umefunga. Unafunguka ukipata presha tu. Kila nilipopanda mlima wa Kimara kwa turbo, hewa iliyohesabiwa ilitoka hapo, petroli yake ikaingia injini, na nyuma likatoka lile wingu jeusi nililoambiwa ni "nguvu". Usipake gundi ya silikoni. Mafuta na joto vitaitoa ndani ya wiki. Mpira mpya, klipu mpya.

Plagi niliweka NGK PFR6G, nafasi 0.7 hadi 0.8 ya milimita. Feki zimejaa sokoni. Pima nafasi ya zote nne, feki hazilingani. Toa betri na tangi la maji ya waipa upate pa kuingiza mkono. Sensa ya hewa ioshwe kwa dawa yake, isiguswe na kitambaa wala dawa ya kabureta, na filta ya kupaka mafuta usiweke, mafuta yanarukia waya.

Kuhusu ile fyuzi ya FWD, ambayo watu husema inapunguza ulevi: ndiyo, kwenye boneti kuna kishikio, ukichomeka fyuzi gari linavuta kwa magurudumu ya mbele tu. Nilitembea hivyo tangi mbili. Tofauti haikuonekana. Shafti ya nyuma na difu bado vinazungushwa na magurudumu, unachopata ni matairi ya mbele kulika. Sumaku za kufunga kwenye bomba la petroli, zinazodaiwa kubana matumizi, sina hata la kusema.

Petroli yenyewe: chini ya kifuniko cha tangi Wajapani wameandika utie ya oktani ya juu, ambayo kwao hufika karibu 100. Ya kwetu haifiki hapo, hivyo kompyuta ikisikia injini inagonga inarudisha nyuma muda wa kuwasha, na nguvu inapungua, nawe unakanyaga zaidi. Nikisafiri natafuta ya daraja la juu. Mjini, kwa mguu mwepesi, sioni faida ya bei yake.

Mguu ndio uliobaki. Hesabu nilizitoa kwenye laptopu. Injini ikiwa sailensi inavuta gramu 3 za hewa kwa sekunde. Gawa kwa 14.7, zidisha kwa saa, ni karibu lita moja ya petroli kwa saa bila kusogea. Ukikanyaga mpaka mwisho inavuta kama gramu 180, kwa uwiano wa 11, na sekunde kumi zinakula zaidi ya lita 0.2, sawa na dakika 13 za kusimama Ubungo. Kusubiri dakika mbili ili turbo ipoe kabla ya kuzima, jambo ambalo watu hulilalamikia, ni kama vijiko viwili vya chakula. Kiyoyozi kinaongeza juu ya hayo yote, na hicho sikizimi, maana Februari ya Dar naijua.