Pawasoo ya Hajji

Nilipomaliza mtihani wa Senior 4, mama alinipeleka kwa mjomba wangu pale Arua mjini, kaskazini-magharibi mwa Uganda, nisije nikakaa bure nikingoja matokeo. Karakana yake ilipokea jenereta na mashine za kusaga, lakini zilizotulisha hasa ni pawasoo, misumeno ya injini. Kule kwetu mtiki au mkaratusi hupasuliwa mbao palepale ulipoangukia, mtu kaishika mashine mkononi, macho yakifuata mstari uliochorwa kwa kamba na masizi. Injini inakamuliwa mpaka mwisho, ubao baada ya ubao, na kama ina kasoro ndogo, ndipo inapojitokeza.

Hajji mmoja muuza mbao alituletea yake asubuhi, akaibwaga juu ya benchi.

"Fundi, hii imenishinda. Kabureta nimenunua mpya, na bado inapiga kelele yenyewe!"

"Assalaam aleikum kwanza, Hajji," mjomba akamjibu, na Hajji akalazimika kucheka.

Tuliiwasha. Ikiwa baridi haikuwa na neno. Ilipopata moto, ukiachia kidole haikutulia: ilibaki juu, mnyororo ukizunguka peke yake, halafu ikashuka polepole kama mtu aliyelazimishwa. Mjomba akafungua kidogo skrubu ya petroli ya mwendo wa chini. Ikatulia, kisha ikaanza tena. Akailaza kwa ubavu, mlio ukabadilika. Akaizima.

"Inavuta hewa," akasema. "Swali ni wapi."

Injini ya stroki mbili haina oili yake chini. Pistoni ikipanda, chumba cha krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, kinanyonya petroli iliyochanganywa na oili. Ikishuka, chumba hichohicho kinausukuma mchanganyiko ule juu kwenye silinda. Kwa hiyo hakitakiwi kuwa na upenyo wowote. Krenki inatokeza pande mbili, upande wa flaiwili na upande wa klachi, na kila upande umezibwa kwa oili sili, pete yenye mdomo laini unaoukumbatia mhimili. Sili ikichoka, hewa inaingia kwa mlango wa nyuma, petroli inazidiwa, na oili inayokuja na petroli inapungua vilevile. Tulipofungua ekzosi na kuchungulia, pistoni ilikuwa imeanza michirizi. Bado kidogo ingenoki, yaani pistoni ikwame ndani ya silinda, na kabureta mpya ingekaa juu ya injini mfu.

Karakana kubwa zina pampu maalumu ya kupima. Sisi tulikuwa na mpira na geji vya mashine ya kupimia presha ya damu, iliyotupwa baada ya kitambaa chake kuchanika. Mjomba alikuwa amevunja plagi ya zamani, akatoa kauri yake na kuchomelea kijibomba katikati. Tukakata vipande vya tyubu ya baiskeli, kimoja tukakibana chini ya kabureta, kingine nyuma ya ekzosi, tukashusha pistoni mpaka chini ili hewa ipite hadi kwenye krenki, nikaanza kuminya. Geji ile mwisho wake ni milimita 300 za zebaki, ambayo ni pungufu kidogo ya nusu baa. Sindano ikasimama. Tukapaka maji ya sabuni kila kiungo, hakuna povu.

Nilidhani tumerudi kwenye kabureta. Mjomba akanituma duka la dawa za mifugo nikanunue bomba la sindano, lile kubwa kabisa. Akalichomeka kwenye mpira uleule, akavuta kitako chake mpaka nyuma, akakishikilia huku akihesabu kimyakimya, akaachia. Injini iliyo nzima ingekinyonya kirudi ndani. Hiki kilibaki palepale.

Hapo nilielewa jambo ambalo hakuna kitabu changu cha fizikia kilichonionyesha. Mdomo wa sili hutazama ndani. Ukisukuma hewa kutoka ndani, unaubana zaidi juu ya krenki, hata ukiwa umekauka. Ukinyonya, unauinua. Sili inaweza kufaulu mtihani mmoja na kuanguka mwingine siku hiyohiyo.

Tuliingiza kamba kwa tundu la plagi kuzuia pistoni, baada ya kuhakikisha imekwisha kupita tundu la ekzosi, tukafungua klachi. Hiyo hufunguka kwa kuzungusha kuelekea kulia, na wengi huivunja kwa kutojua. Pampu ya oili ikatoka. Mjomba akapaka grisi nzito juu ya sili ile, akarudia bomba: safari hii kitako kikarudi taratibu. Basi ni huyo.

Akaitikisa krenki juu chini kusikiliza kama beringi zimelegea, kwa sababu krenki inayocheza huila sili mpya. Zilikuwa nzima. Sili tuliagiza Kampala, zote mbili, kwa vipimo vilivyochapwa kwenye ile kuukuu, zikaja na basi la usiku kupitia Karuma na Pakwach. Kuitoa ya zamani ndiyo kazi ya kutisha: skrubu ndogo inaingizwa kwenye bati lake na kuvutwa kwa koleo, na ncha ikiteleza ikakwaruza krenki, umeharibu zaidi ya ulichokuja kutengeneza. Mpya tuliipaka grisi mdomoni, tukaviringisha kavera, mfuko wa plastiki, juu ya nyuzi za krenki zisiuchane, tukaigonga kwa soketi ya upana wake mpaka ikalingana na ukingo.

Bomba likarudi lenyewe. Tukafunga, tukarekebisha kabureta upya, na mashine ikanguruma chini kwa utulivu, mnyororo umesimama.

Hajji aliomba apewe sili kuukuu akamwonyeshe fundi aliyemuuzia kabureta. Mjomba akampa, kisha akamwandikia risiti, na bei ya bomba la sindano akaiweka humo.