Globe Unity: kalamu na pumzi

Usiku huu nimerudia santuri ya Globe Unity ya mpiga piano na mtunzi wa Kijerumani Alexander von Schlippenbach, na safari hii, badala ya kujiachia katika mvumo mzima wa bendi, nimejaribu kumfuata mpigaji mmoja mmoja. Ni kazi ngumu, kwa kuwa wako 14, lakini ndiyo iliyonifungulia muziki huu wa jazi huru ambao wengi huuita kelele na kuuacha kabla ya dakika tano.

Schlippenbach alizaliwa Berlin mwaka 1938, akasomea utunzi huko Cologne kwa Bernd Alois Zimmermann, mtunzi aliyeshikilia kwamba wakati uliopita, uliopo na ujao unaweza kukutanishwa ndani ya kazi moja. Mwaka 1966, redio ya RIAS ya Berlin Magharibi ilipomwagiza kazi kwa ajili ya tamasha la jazi la mji huo, aliunganisha vikundi ambavyo tayari vilikuwa vikipiga pamoja: kile cha mpiga tarumbeta Manfred Schoof, ambamo yeye mwenyewe alipiga piano, na kile cha mpiga saksofoni Peter Brötzmann, kisha akaongeza wengine. Onyesho la Novemba katika ukumbi wa Philharmonie lilizua mabishano makali. Mwezi uliofuata wakarekodi santuri hii, kila upande ukiwa na kipande kimoja.

Kinachonishika zaidi ni jinsi kalamu ya mtunzi inavyofanya kazi hapa. Katika bendi kubwa za jazi tulizozizoea, mtunzi huandika karibu kila noti na kumwachia mpigaji nafasi ndogo ya kujieleza. Schlippenbach amegeuza mgawanyo huo: ameamua nani akutane na nani, lini tarumbeta na saksofoni zijikusanye kuwa ukuta mmoja wa sauti, na lini ukuta huo ubomoke ili mtu mmoja apite peke yake, lakini atakachosema mtu huyo ni juu yake mwenyewe. Brötzmann akipita, saksofoni yake hunguruma kana kwamba inataka kupasuka, ilhali mpiga saksofoni mwenzake Gerd Dudek, kwa masikio yangu, bado anaunda sentensi zenye mwanzo na mwisho. Hawafanani, na hawakulazimishwa wafanane.

Chini yao wako wapiga ngoma wawili, Jaki Liebezeit na Mani Neumeier, na hakuna anayeshika mapigo ya kuhesabika. Nastaajabu kila ninapokumbuka kwamba Liebezeit huyuhuyu, miaka michache baadaye akiwa na bendi ya roki ya Can, alijulikana kwa mapigo yanayojirudia bila kuyumba.

Upande wa pili, wenye kipande kiitwacho “Sun”, una nafasi zaidi kati ya sauti, na huo ndio ningempa kwanza mtu anayeuogopa muziki huu.

Baadaye kundi hili liliipunguza karatasi hadi kufikia kupiga bila chochote kilichoandikwa, na rekodi zilizoadhimisha miaka yake 40 na 50 zinaonyesha mabingwa wanaoelewana bila ishara yoyote. Naziheshimu sana. Hata hivyo, katika santuri ya kwanza kalamu ya mtunzi na pumzi ya mpigaji bado zinavutana, wala hakuna iliyokwisha kushinda, na mvutano huo siupati kwa nguvu ileile katika rekodi zilizofuata.