Stelingi ilikuwa inanitoa jasho, kumbe ni shafti

Wiki tatu sijaposti, na wenye mmenizoea mnajua nikinyamaza hivyo ni kale kagari kamenishinda. Safari hii ni stelingi. Kukata kona ndani ya plot ilikuwa kama kufungua mfereji ulioshika kutu, unavuta na mikono mbili, mabega yanauma, na ukishakata usukani haurudi wenyewe, mpaka uurudishe kwa nguvu. Hiyo ya kutorudi ndio ilinitisha, juu ukiwa barabarani na usukani ubaki ulivyoukunja, mtaro unakungoja.

Kwa wageni: hako kagari ni chesisi ya mapaipu nimechomelea mwenyewe nyuma ya nyumba huku Kayole, injini ya 5A na giaboksi yake nimezihamisha zikaenda nyuma ya kiti, na stelingi yote, reki (ile inayosukuma magurudumu kushoto na kulia), kolamu (inayoshika usukani) na shafti inayounganisha hizo mbili, nimetoa kwa Toyota 110 iliyogongwa. Reki ni ya pawa, yaani inasaidiwa na mafuta yanayosukumwa na pampu, lakini pampu sikuweka, nilijiambia mbele hakuna injini, uzito utatoka wapi.

Sasa kila mtu alikuwa na dawa yake. Jamaa wa spea pale Grogan akasema buda weka pampu tu. Mwingine akasema reki imekufa. Nikabadilisha tai rodi endi zote mbili, zile ncha za vyuma vinavyotoka kwa reki kwenda kwa magurudumu, nikapandisha presha ya tairi za mbele kutoka 18 hadi 28, nikapima alaimenti kwa kamba na tepu meja. Wapi. Pesa imeenda na mabega bado yanauma.

Ni mzee mmoja wa Kariobangi Light, fundi wa malori, ndio aliniuliza swali la maana. "Kijana yangu, ni ngumu njia yote ama ni ngumu mahali mahali?" Nikakwama. Sikuwa nimewahi kuangalia.

Nikarudi nyumbani, jeki, stendi, magurudumu ya mbele hewani, nikazungusha usukani polepole na vidole viwili. Ngumu, laini, ngumu, laini. Nikaweka alama ya chaki na ikatoka mara mbili kwa kila raundi, bila kukosa. Nikatoa tai rodi, bado. Nikatoa shafti kwa reki, reki ikazunguka kwa mkono bila kushika mahali mahali, lakini shafti peke yake bado inashika. Hapo nikakaa chini kwa mtungi nikacheka peke yangu, juu hiyo shafti ni kazi ya mikono yangu.

Iko hivi. Yunivasali joint, ile yenye uma mbili na msalaba katikati inayowezesha shafti kupinda, ikiwa imekunjwa haizungushi sawasawa, inaenda haraka na polepole mara mbili kwa kila raundi. Ukiwa na mbili, moja inafuta makosa ya nyingine, lakini tu kama zile uma mbili za shafti ya katikati zimelala upande mmoja na pembe zinalingana. Mimi nilikata shafti na grinda ndio niirefushe, nikachomelea na ile welda ya mageti (naona aibu hata kuandika), uma moja imelala na nyingine imesimama. Badala ya kufutana zikawa zinaongezana. Halafu kiti nilikiweka chini na nyuma sana, joint ya chini ikakunjwa karibu digrii 45, na hizi joint ukipita 30 hivi zinaanza kulalamika. Uma zilikuwa zinagusana, zimelamba rangi mpaka chuma kinang'aa.

Nikanunua shafti nyingine nzima na joint ya ziada, zote za meno na bolti, kuchomelea nimeacha. Joint tatu zinagawana ile pembe, lakini ukiweka tatu lazima katikati kuwe na beringi ya kushikilia shafti, la sivyo inacheza kama mkia wa mbwa. Hiyo nimeifunga kwa chesisi na flati ya chuma ya milimita 6. Kupanga uma ilinichukua Jumamosi nzima, unatoa, unasogeza jino moja, unarudisha, unazungusha, mpaka ile ngumu laini ikaisha.

Ingine ni reki. Tundu zake mbili za mafuta nilikuwa nimeziziba na bolti, kwa hivyo mafuta ya ndani hayakuwa na pa kwenda. Nimeziunganisha na paipu moja fupi. Gari ikisimama bado ni nzito kidogo, lakini ikianza kutembea tu inakuwa laini, na ukitoka kwa kona ukilegeza mikono usukani unarudi wenyewe. Nimezunguka uwanja wa murram mara kumi nikiangalia hiyo tu.

Ile shafti ya zamani, kijana wa jirani aliniomba, "uncle, si utupee tufanyie mkokoteni." Nikampa, lakini nikaikata vipande vitatu kwanza.