Nyumba za matajiri wa samaki, Aalborg

Wengi wetu tukifika Denmark tunaishia Copenhagen, na wageni wakija tunawatembeza huko huko. Mimi naishi Aalborg, kaskazini mwa Jutland, na huku kuna nyumba mbili za kale ambazo sichoki kuzitazama.

Ya kwanza aliijenga mfanyabiashara Jens Bang mwaka 1624. Ni ya matofali, inapanda ghorofa kadhaa hadi kwenye vilele vya paa, na madirisha yamezungukwa na mawe ya mchanga yaliyochongwa kwa ustadi. Zunguka upande wa kusini, uelekeo wa jengo la zamani la halmashauri ya mji, kisha inua macho. Utaona uso wa mtu katoa ulimi. Wenyeji husimulia kuwa ni Bang mwenyewe, akiwabeza madiwani, maana pamoja na mali yote ile hakuwahi kupewa kiti barazani. Baadaye nyumba hiyo ilikaa na duka la dawa kwa zaidi ya miaka 300.

Mimi ni mtu wa Lamu. Kwetu tajiri wa zamani aliacha ukuta wa nje mtupu, urembo wote akauweka ndani, kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Bang alitaka kila mpita njia aone.

Na fedha ilitoka majini. Aalborg iko kando ya Limfjord, walikovuliwa samaki wa heringi kwa wingi, wakatiwa chumvi, wakapangwa kwenye mapipa na kuuzwa nje. Mtaa wa Østerågade, unaopita mbele ya nyumba hizi, zamani ulikuwa mto, na vyombo viliingia hadi katikati ya mji. Baadaye mto ulifunikwa, leo wanapita watu na baiskeli. Ukishalijua hilo, unaelewa kwa nini matajiri waligombea kujenga hapo: bidhaa zilishuka karibu na mlango.

Hatua chache mtaani ipo nyumba ya Jørgen Olufsen, ndugu yake Bang wa mzazi mmoja, ambaye alikuwa pia meya. Ni ya 1616. Mbele ni jiwe tupu, la heshima. Nyuma ni fremu za mbao, ujenzi wa kawaida wa Wadenmark wa enzi hizo. Kwangu mimi huko nyuma ndiko kuzuri zaidi. Ukija Aalborg usiishie kupiga picha mbele.