Sauti ya TV sebuleni: spika mbili zilitosha

Kilichonisumbua ni maneno. Muziki wa filamu unatikisa madirisha, lakini waigizaji wakiongea husikii kitu, na mama kila dakika anauliza, "Amesemaje?"

Nilikuwa na shilingi 250,000. Kariakoo nikaoneshwa sabufa ya spika tano, boksi limeandikwa wati 10,000. Nikaigeuza nyuma: kibandiko cha umeme kinasema inakula wati 60. Kifaa hakiwezi kutoa mfululizo nguvu kubwa kuliko inayoingia, nikaiacha. Nikachukua amplifaya ya mtumba ya chaneli mbili na spika mbili za mbao za ohm 8 (kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme), kwa kuwa nyuma ya amplifaya paliandikwa ohm 4 hadi 16. Nilizijaribu palepale dukani kwa simu, kwa sauti ya mtangazaji wa habari. Muziki huficha ubovu.

Nyumbani, kimya kabisa! TV yangu inatoa sauti kwa waya wa optiko tu, yaani unaopitisha sauti kwa mwanga, hivyo nilikuwa nimenunua na kigeuzi kidogo cha kuibadilisha sauti hiyo iweze kuingia kwenye amplifaya. Nusura nikirudishe. Kumbe TV ilikuwa inatuma Dolby Digital, yaani sauti ya dijitali iliyobanwa, na kigeuzi kile kinaelewa PCM peke yake, yaani sauti ya dijitali isiyobanwa. Nikaingia kwenye mipangilio ya sauti, nikachagua PCM, ikalia.

Besi ilikuwa bado inavuma na kumeza maneno, maana spika zilikaa sakafuni, kwenye kona. Nikazipandisha kwenye stuli, usawa wa masikio ya mtu aliyekaa kwenye kochi, nikazisogeza sentimita 40 kutoka ukutani. Tangu siku ile mama anaangalia kimya.